Tarehe ya Hoteli ya Norfolk, Nairobi

Reli ya kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899 kwenye kinamasi ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha mifugo yao, hapakuwa na mji wala dalili ya mji. Lakini haikutimia miaka sita ila Meja Ringer na mshirika wake Winearls walikuwa wamekwisha kusimamisha hapo hoteli ya mawe iliyoezekwa vigae, ilhali majirani zao aghalabu waliishi katika nyumba za mabati, wakaifungua siku ya Krismasi ya mwaka 1904 na kuiita Norfolk.

Wageni wake wa awali walikuwa walowezi waliotafuta mashamba na matajiri waliotafuta simba na ndovu, na sifa yake ilivuka bahari mwaka 1909 alipofikia hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka punde tu katika urais wa Marekani. Barazani mwake waliketi makabaila wa Kiingereza, Lord Delamere akiwa mashuhuri wao, hata hoteli ikapewa lakabu ya Baraza la Malodi. Nami siioni lakabu hiyo kuwa mzaha mtupu, kwani waliojadili siasa ya koloni kwenye viti vile ndio hao hao walioishinikiza serikali. Mwenyeji wa nchi hakupanda pale ila awe amebeba sinia.

Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu serikalini, kwa kuwa alipinga kipande (kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kukibeba), kodi, kupunguzwa mishahara na kulazimishwa wanawake kufanya kazi. Tarehe 16 umma ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, si mbali na hoteli, ukitaka afunguliwe. Na wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake akawaambia waivae wao, wampe yeye suruali zao. Umma ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na Wazungu waliokuwa barazani Norfolk nao, kwa mujibu wa masimulizi mengi, wakapiga bunduki zao kutoka pale pale walipoketi. Serikali ilikiri maiti 21. Wengine walihesabu zaidi ya hao, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Mwaka 1927 hoteli ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyeingia nchini mwaka 1903 kwa njia ya Afrika Kusini. Usiku wa Desemba 31, 1980 bomu lilibomoa sehemu yake na kuua watu, jambo ambalo wengi walilinasibisha na msaada ambao ndege za Israeli zilipata Nairobi wakati wa uvamizi wa kuokoa mateka huko Entebbe, Uganda, mwaka 1976. Jengo likakarabatiwa, na wageni wakarudi.

Ama ile damu ya 1922, hapana fidia iliyolingana nayo. Lakini njia ipitayo mbele ya baraza ile ilipewa jina la yule mfungwa, na anwani ya Norfolk leo ni Barabara ya Harry Thuku.