Kamera za filamu zenye kipimaumbali

Katika kamera yenye kipimaumbali, mpiga picha hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha cha pembeni ambamo kitu kimoja huonekana kama taswira mbili. Anapozungusha lenzi, taswira hizo husogeleana, na zikilaliana sawasawa, lenzi imelenga. Wapenzi wa kamera hizi wamezoea kuzigawa mafungu mawili: za zamani, zilizotengenezwa hadi miaka ya 1970, na za kisasa, za kuanzia miaka ya 1980. Mgawanyo huo hueleza umri vizuri, ila ubora hauuelezi kabisa.

Leica II ya mwaka 1932 ilikuwa na matundu mawili ya kuchungulia, moja la kupimia umbali na jingine la kupangia picha. Contax II ya Zeiss Ikon (1936) iliyaunganisha. Mwaka 1954 kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, kikatoa Leica M3, yenye kidirisha kipana, angavu, na mistari ya fremu inayojibadilisha kufuata lenzi iliyofungwa.

Usahihi wa kulenga hutegemea msingi, yaani nafasi kati ya madirisha mawili ya kipimaumbali, ikizidishwa kwa ukuzaji wa kidirisha cha kutazamia. Msingi wa M3 kwa hesabu hiyo hufika milimita 62 hivi. Bessa R2A, iliyotengenezwa na Cosina ya Japani miaka 50 baadaye, haivuki 26. Zeiss Ikon ya 2005, nayo ya Cosina, hufika 55. Tofauti hii huonekana mtu anapopiga picha ya uso kwa lenzi ya milimita 90 iliyofunguliwa kabisa: kwa msingi mfupi, jicho hufifia na sikio ndilo linalotoka kali. Kwa lenzi pana msingi mfupi hauna madhara, na hapo M3 ndiyo yenye upungufu, kwani mistari yake huanzia milimita 50. Bessa R4 ya 2006 ina mistari hadi milimita 21.

Upande wa shata, za kisasa zimeshinda. Shata ya kitambaa ya M3 huishia sekunde 1/1000 na haipatani na flashi kwa kasi kubwa. Shata za chuma za Bessa na Zeiss Ikon hufika 1/2000, na Konica Hexar RF (1999) hufika 1/4000 na kujivutia filamu kwa mota. Isitoshe, kwa kuwa hakuna kioo nyuma ya lenzi, jua kali linaweza kutoboa kitambaa kamera ikiachwa imeelekezwa juu bila kifuniko. Lakini kitambaa hakina kelele nyingi, jambo ambalo mpiga picha wa msikitini au mahakamani hataliona dogo.

Kipima mwanga cha ndani ni faida ya kweli ya kamera nyingi za kisasa, ingawa umeme una bei yake. Zenye shata ya umeme hazipigi bila betri, na saketi ikiungua bila vipuri, kamera imekufa. M3 ni gia na springi tupu. Fundi hodari huisafisha ikafanya kazi tena. Maradhi yake ni mengine: gundi ya prizma huachia kamera ikigongwa, na lenzi za zamani huota kuvu katika hewa ya joto na unyevu. Kamera nyingi za bei nafuu za miaka ya 1960 na 1970, zikiwemo baadhi ya Canonet, zilitegemea betri za zebaki ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5, kipimo cha mwanga hupotoka.

Uzalishaji wa Bessa ulikoma mwaka 2015. Leica iliirudisha M6 ya 1984 sokoni mwaka 2022, na tangu 2014 huuza M-A, isiyo na betri wala kipima mwanga. Ni mpya kabisa, lakini ukuzaji wake ni 0.72, kwa hiyo msingi wake hufika milimita 50 tu.