Nyasi za Dodoma Zilizovuka Bahari

Wasikilizaji, desturi ya watu ni kusimulia habari za wafalme na vita vyao. Nyasi hazihesabiwi kuwa na habari. Lakini nyasi moja ya nchi ya Dodoma imesafiri kupita wafalme wengi. Jina lake katika elimu ya mimea ni Cenchrus ciliaris.

Ni nyasi ya porini, isiyokufa kila mwaka kama mtama. Huota kwa vishungi, na huweza kufika kimo cha mita moja na nusu. Suke lake lafanana na mkia mdogo wenye manyoya, na mbegu zake hushika nguo na ngozi za wanyama. Mizizi huenda chini mita mbili na zaidi, na mwanzo wa shina umevimba, ndipo ilipo akiba yake ya chakula. Kwa hiyo kiangazi cha Ugogo hukausha majani tu. Mvua ikinyesha, huchipua tena.

Katika miaka ya 1930 mbegu zilichukuliwa Dodoma zikapelekwa Queensland, katika Australia, nchi ya mifugo mingi na mvua chache. Huko aina hiyo iliitwa Biloela. Mbegu nyingine, za nchi ya Waturkana katika Kenya, zilifika Marekani, zikatolewa kwa wafugaji wa Texas mwaka 1949.

Wahenga walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa jembe, akalima hata akamnyang'anya mwenyeji shamba. Aliingia mapori ya Australia akasonga mimea ya asili; akikauka huwaka kwa ukali, na moto ukipita yeye huchipua, na wenyeji hufa. Mwaka 2015 jimbo la Australia Kusini lilimtangaza kuwa gugu la kupigwa vita.

Kwetu hatari ni kinyume chake. Mifugo ikilishwa mahali pamoja bila kupumzisha malisho, akiba ya shina huisha, nyasi hufa, na mvua huchukua udongo. Kondoa ilionja msiba wa mmomonyoko, hata mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo kubwa, ndipo majani yakarudi.

Basi mtu wa Chang'ombe akikuta kishungi cha nyasi hii kando ya njia, asikidharau. Ng'ambo watu wataabika kuing'oa. Huku yatupasa kuitunza.