Maandalizi ya mashindano ya kuogelea katika nyanda za juu

Maandalizi ya mashindano ya kuogelea katika nyanda za juu ni mpango wa mazoezi, safari, lishe na uangalizi wa afya anaoufuata mwogeleaji atakayeshindana katika bwawa lililo juu sana kutoka usawa wa bahari. Makocha wengi huanza kuuhofia mwinuko unapofika mita 1,500 hivi, ingawa katika mbio ndefu athari huonekana hata chini ya hapo. Miongoni mwa miji mikubwa inayohusika ni Mexico City (mita 2,240), Bogotá (2,640), Addis Ababa (takriban 2,350), Nairobi (takriban 1,795) na Johannesburg (takriban 1,750). Maandalizi haya si sawa na kambi za milimani wanazokwenda waogeleaji ili baadaye washindane pwani. Mambo hayo mawili huchanganywa mara kwa mara, hata na makocha wenye uzoefu.

Athari za mwinuko kwa mwogeleaji

Kiwango cha oksijeni katika hewa ni kilekile kila mahali, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Mexico City shinikizo hilo ni zaidi kidogo ya robo tatu ya lile la pwani, na Nairobi ni takriban asilimia 80, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 kuanzia mita 1,500, na wanamichezo wa daraja la juu huanza kupungukiwa mapema kuliko watu wa kawaida.

Mkimbiaji wa mbio fupi na mrukaji hulipwa fidia, kwa kuwa hewa nyepesi huwapinga kidogo. Mwogeleaji hapati fidia hiyo. Maji ya bwawa la Bogotá ni mazito sawasawa na ya bwawa la Mombasa, na upinzani unaomkabili hutoka karibu wote majini. Tena hana uhuru wa kuvuta pumzi apendavyo: katika mtindo huru hupumua kulingana na mzunguko wa mikono, na kila anapogeuka ukutani hukaa chini ya maji bila kupumua. Ndiyo maana maandalizi yake huhusu zaidi namna ya kupunguza hasara kuliko namna ya kutafuta faida.

Hasara hiyo hutegemea urefu wa mbio. Mita 50 huogelewa kwa nishati iliyokwisha kuhifadhiwa misulini, na muda wake haubadiliki sana. Mita 100 huathirika kidogo. Kuanzia mita 200 kwenda juu sehemu kubwa ya nishati hutegemea oksijeni, na hapo ndipo saa huanza kumhukumu mwogeleaji.

Mexico City, 1968

Mfano ulioandikwa kwa kina kuliko mingine yote ni Michezo ya Olimpiki ya 1968. Mji huo ulichaguliwa mwaka 1963, na mjadala kuhusu mwinuko wake ukaanza papo hapo. Waandaaji waliitisha wiki za kimataifa za michezo mwaka 1965, 1966 na 1967 ili wanamichezo waonje hali ya huko. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nayo iliweka kikomo cha wiki 4 za mazoezi ya milimani ndani ya miezi 3 ya mwisho kabla ya michezo, kanuni iliyokuwa rahisi kuitangaza kuliko kuisimamia. Ufaransa ilijenga kituo Font-Romeu, kwenye milima ya Pyrenees, na Umoja wa Kisovyeti ulikuwa na kambi yake Tsaghkadzor, Armenia. Waogeleaji wa Marekani walipiga kambi Colorado Springs, katika chuo cha jeshi la anga kilicho juu karibu sawa na Mexico City yenyewe. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ukizingatia kwamba wengi wao walitoka California, karibu na usawa wa bahari.

Matokeo ya bwawa la Francisco Márquez yalionyesha mpaka kati ya mbio fupi na ndefu waziwazi. Katika mita 100 mtindo huru, Mike Wenden wa Australia aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 52.2. Kaye Hall wa Marekani alifanya vivyo hivyo katika mita 100 za mgongo. Wenden alishinda pia mita 200, lakini baada ya kugusa ukuta alishindwa kujimudu majini, ikabidi mwenzake Bob Windle amwokoe.

Mbio ndefu zilikuwa habari nyingine. Mike Burton wa Marekani, aliyekuwa ameogelea mita 1,500 kwa dakika 16 na sekunde 8.5 chini ya miezi miwili kabla, alishinda dhahabu kwa dakika 16 na sekunde 38.9. Alipoteza zaidi ya sekunde 30, na bado mshindi wa pili alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya sekunde 18. Debbie Meyer, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alishinda mita 200, 400 na 800 mtindo huru, na katika zote tatu alikuwa mzito kuliko rekodi zake mwenyewe za dunia: kwa sekunde 3.8, 7.3 na 13.6. Meyer na Burton walifundishwa na kocha mmoja, Sherm Chavoor wa Sacramento, aliyejulikana kwa kuwaogelesha wanafunzi wake umbali mrefu mno kila siku.

Kuzaliwa katika mwinuko hakukutosha. Guillermo Echevarría wa Meksiko alikuwa ameivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko California Julai 1968, na umma wa nyumbani ulimtarajia dhahabu. Alimaliza wa sita. Felipe Muñoz, kijana wa miaka 17 ambaye hakutajwa sana kabla ya mashindano, ndiye aliyeipatia Meksiko dhahabu katika mita 200 za kifua. Alitulia nyuma katika nusu ya kwanza, kisha akampita Vladimir Kosinsky wa Umoja wa Kisovyeti, aliyekuwa na rekodi ya dunia, kwenye urefu wa mwisho wa bwawa. Ni vigumu kupata somo bora zaidi la kugawa nguvu.

Muda wa kuwasili

Swali la kwanza katika mpango wowote ni lini timu ifike. Saa chache baada ya kufika, mwogeleaji huanza kupumua kwa kasi zaidi, na hewa ya kaboni dioksidi hutolewa kupita kiasi. Figo hurekebisha hali hiyo kwa kutoa bikaboneti, na kwa kufanya hivyo hupunguza akiba ambayo mwili hutumia kuzima asidi inayozalishwa misulini. Maji ya damu nayo hupungua katika siku za mwanzo. Homoni ya erithropoietini hupanda ndani ya siku 1 au 2, lakini chembe nyekundu mpya huchukua wiki kadhaa kuongezeka kwa kiasi cha maana.

Kutokana na hayo kuna njia mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni kufika wiki 2 hadi 3 mapema, na ndiyo bora kwa yeyote anayeshiriki mbio za mita 200 na zaidi. Ya pili ni kufika saa chache kabla ya mashindano na kuogelea kabla mabadiliko hayo hayajashika kasi. Njia hii huwafaa wa mbio fupi na timu zisizo na fedha, yaani timu nyingi. Kufika siku 3 au 4 kabla ndiko kunakolaumiwa zaidi, kwa kuwa usingizi huwa umevurugika na mwili haujazoea.

Mazoezi

Siku 3 hadi 5 za kwanza huwa za mwendo wa pole. Baadaye kazi ya kasi hurudishwa kwa vipande vifupi na mapumziko marefu: kocha aliyezoea kutoa mapumziko ya sekunde 15 baada ya kila mita 100 hulazimika kuyaongeza hadi 25 au 30 ili kasi ile ile ishikike. Kung'ang'ania ratiba ya pwani ndiko kosa la kawaida, na waogeleaji wenye bidii ndio wanaoliangukia zaidi.

Mambo mawili hufanyiwa mazoezi maalumu. La kwanza ni kugawa nguvu. Anayeanza mita 400 kwa kasi aliyoizoea pwani hujikuta na deni ambalo hawezi kulilipa kabla ya kumaliza, hivyo mita 100 za mwanzo huogelewa kwa kujizuia. La pili ni kupumua. Waliozoea kupumua kila baada ya mikono mitatu hurudi kwenye miwili tangu mwanzo wa mbio, na mateke ya kipepeo chini ya maji baada ya kugeuka, ambayo kanuni huyaruhusu hadi mita 15, hufupishwa katika mbio ndefu. Mazoezi ya kubana pumzi, yanayopendwa na baadhi ya makocha, hayana nafasi katika siku za kwanza na ni ya hatari yasiposimamiwa.

Mahema yenye oksijeni pungufu hutumiwa na timu zenye uwezo. Shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni halijayapiga marufuku.

Afya na lishe

Kiwango cha madini ya chuma hupimwa wiki kadhaa kabla ya safari, kwa sababu mwili usio na akiba yake hauwezi kutengeneza himoglobini ya kutosha. Wasichana hupewa uangalizi zaidi. Hewa ya juu ni kavu, na maji mengi hupotea kwa kupumua bila mtu kuhisi jasho. Vyakula vya wanga huongezwa. Katika mabwawa ya wazi jua ni kali kuliko pwani. Wenye pumu huenda na dawa zao hadi ukingoni mwa bwawa.

Mwenye vinasaba vya selimundu, hata kama hajawahi kuugua, huweza kupata madhara ya bandama katika miinuko mikubwa, na inafaa aonane na daktari kabla ya kusafiri.

Kanuni za muda

Mashindano ya ndani ya Marekani, ya vyuo na ya vilabu, hutumia jedwali la kupunguza muda ulioogelewa katika mwinuko. Jedwali huanza na mbio za 200. Fupi zaidi hazipunguziwi kitu. Kwa mita 1,500 punguzo ni sekunde 11 katika mabwawa yaliyo kati ya futi 3,000 na 4,250, sekunde 23 hadi futi 6,500, na sekunde 32.5 juu ya hapo. Kipimo hicho cha mwisho hakiko mbali na hasara ya Burton ya 1968. Mashindano ya dunia na Olimpiki hayana punguzo, na muda unaohitajika kufuzu ni mmoja kwa mabwawa yote.

Afrika Mashariki

Bwawa la mita 50 la Kasarani, Nairobi, lilitumika katika Michezo ya Afrika ya 1987 na Mashindano ya Kuogelea ya Afrika ya 2012. Kwa jedwali la Marekani lingeangukia daraja la kati. Mwogeleaji maarufu zaidi aliyezaliwa Nairobi, Jason Dunford, alimaliza wa tano katika mita 100 za kipepeo huko Beijing mwaka 2008, mbio zisizoathirika sana na mwinuko. Timu za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hutoka usawa wa bahari, na zinaposhindana Nairobi hukutana na tatizo lililoelezwa hapa. Kigali iko takriban mita 1,570 na Kampala takriban 1,200.