Ngano za kale zinapogeuzwa vichekesho vya redio

Msikilizaji akisikia kwamba msichana anapita msituni na kikapu cha vyakula akimpelekea bibi yake, hahitaji kuelezwa zaidi. Anamjua mbwa mwitu, anakijua kitanda cha bibi, na mwisho anaujua. Ndiyo maana ngano hufaa sana kwa vichekesho vya redio: muda hautumiki kutambulisha wahusika, unatumika kuchekesha.

Santuri ya mwaka 1953

Mfano maarufu ni santuri ya Mmarekani Stan Freberg, iliyotolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1953. Upande mmoja ulikuwa na kisa cha shujaa na joka, "St. George and the Dragonet". Upande wa pili ulikuwa na "Little Blue Riding Hood", yaani msichana wa kofia nyekundu, ila sasa kofia ni ya buluu. Freberg aliigiza pamoja na Daws Butler na June Foray, ambao baadaye walivuma kwa sauti za katuni: Butler akiwa dubu Yogi, Foray akiwa kindi Rocky. Kisa cha joka kilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard.

Mzaha wenyewe

Freberg alisimulia ngano kwa mtindo wa Dragnet, mchezo wa polisi wa Jack Webb ulioanza katika redio ya NBC mwaka 1949. Humo mpelelezi husema kwa sentensi fupi na sauti kavu, na muziki mzito hukata kila tukio. Kwa Freberg, joka linalokula wasichana hufuatiliwa kama mhalifu yeyote wa mjini, na kikapu cha bibi huwa jambo la kupelelezwa. Waigizaji hawacheki hata kidogo. Kazi ya kucheka wameachiwa wasikilizaji.

Kwa nini buluu?

Dragnet ilifunguliwa kwa tangazo kwamba kisa ni cha kweli, ila majina yamebadilishwa ili kuwalinda wasio na hatia. Freberg alitangaza kuwa yeye amebadilisha rangi tu, ili kukwepa uchunguzi.

Wasikilizaji walimwelewa. Nyekundu ilikuwa rangi ya wakomunisti, na huo ulikuwa wakati wa seneta Joseph McCarthy. Juni 1950, kijitabu kiitwacho Red Channels kilikuwa kimetaja watu 151 wa redio na televisheni kuwa na uhusiano na ukomunisti, na baadhi yao wakakosa kazi. Kwa watangazaji na waigizaji, hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Ngano ya watoto ilimpa Freberg nafasi ya kuigusa bila kumtaja mtu yeyote.

Ngano haina mwenyewe

Kugeuza ngano si jambo geni. Charles Perrault alipochapisha kisa hiki Ufaransa mwaka 1697, msichana aliliwa na hadithi ikaishia hapo. Ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, walimleta mwindaji akamtoa tumboni mwa mbwa mwitu akiwa hai.

Kwa mwandishi wa mchezo wa redio, funzo ni hili: acha yale ambayo msikilizaji anayajua, kisha badilisha jambo moja tu. Ukibadilisha yote, hatajua amcheke nani.