Jani Pekee Halitoshi: Utambuzi wa Mnyauko wa Migomba kwa Picha za Simu, Karagwe na Kyerwa

Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umekwishaingia mkoa wa Kagera, Tanzania. Wilaya ya Karagwe mkoani humo, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, huishi kwa ndizi za kupika. Kwa hiyo programu za simu zinazotambua magonjwa kwa akili bandia zipimwe kwa yale yanayotokea ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani.

Programu hizo zipo. Nuru, iliyojengwa kwa ajili ya muhogo, hutumika kwa Kiswahili hata pasipo intaneti. Utafiti wa Tumaini, programu ya migomba, uliotoka mwaka 2019, ulitumia picha zipatazo 18,000 za Afrika na kusini mwa India. Hazina ya picha za migomba ya Tanzania iliyokusanywa na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ni kazi ya kupongezwa. Ila inahusu magonjwa mengine mawili, Sigatoka nyeusi na mnyauko fuzari. Mnyauko bakteria, unaoitesa Kagera, haumo.

Hoja yangu ni kwamba jani, ambalo ndilo huombwa na programu nyingi, ni shahidi dhaifu. Jani la njano lililolegea laweza kutokana na bakteria, fuzari au hata ukame. Mkulima mzoefu haishii hapo. Hukata shina kwa panga, akangoja dakika chache aone kama utomvu mzito wa njano utachuruzika. Kisha hupasua ndizi changa: nyama yenye madoa ya rangi ya kutu humwondolea shaka, kwa kuwa fuzari hubadili rangi ya mishipa ya shina lakini haiharibu tunda namna hiyo. Kamera inaweza kuona yote haya, mradi iombe kuonyeshwa. Iulize pia aina ya mgomba. Ndizi za kupika za nyanda za juu huhimili fuzari, ilhali kisukari hushambuliwa. Jibu hilo moja hupunguza shaka zaidi kuliko maelfu ya picha za ziada.

Hata hivyo, panga hilohilo hueneza bakteria. Programu itakayomwambia mkulima akate bila kumwagiza aliunguze panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine itakuwa inapanda ugonjwa inaoutafuta. Kwangu hili ni zito kuliko asilimia yoyote ya usahihi.

Kuna mpaka mwingine ambao teknolojia hii haiuvuki. Bakteria huweza kukaa ndani ya mgomba kwa muda mrefu bila dalili yoyote ya nje. Picha safi, basi, isigeuzwe kibali cha kugawa machipukizi kwa jirani au kuyavusha mto Kagera pale Murongo.

Ningependa kuona maofisa ugani wa Kyerwa na Karagwe wakipiga picha za mikato ya shina, ndizi zilizopasuliwa na maua dume yaliyonyauka, katika vibanja halisi vyenye maharage na kahawa chini ya migomba. Sampuli zithibitishwe maabara kwa usimamizi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku kabla picha hazijapewa jina la ugonjwa, na wakulima waliotoa vibanja vyao waelezwe picha zinakwenda wapi na nani atazitumia.