Nyumba Nayo Ina Matokeo: Historia Fupi ya Cheti cha Nishati Kabla ya Kuuza au Kupangisha

Ukienda kuangalia nyumba ya kupanga, kuna vitu unavikagua mwenyewe. Bomba linatoa maji? Dirisha linafunga? Kitasa kizima? Lakini kuna kitu kimoja huwezi kukiona hata ukikaa humo ndani saa nzima: joto linalopotea kupitia kuta, dari na sakafu. Kwa nchi za baridi, hicho kisichoonekana ndicho kinachoamua bili ya Januari itakuwa ngapi.

Ndiyo maana leo Uingereza na Wales huwezi kutangaza nyumba ya kuuza au kupangisha bila kwanza kuita mkaguzi akaipima (kuna misamaha michache). Akimaliza, nyumba inapewa cheti kiitwacho EPC chenye herufi kuanzia A hadi G, kama matokeo ya mtihani: A ni safi, G ni kufeli vibaya. Cheti kinadumu miaka 10. Swali ni hili: wazo hili lilitoka wapi, na je, linamsaidia kweli anayelipa bili?

Turudi mwaka 1973. Vita vya Oktoba vilipozuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipunguza uzalishaji na kuziwekea vikwazo Marekani na baadhi ya washirika wake. Pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Denmark iliumia sana, maana karibu nishati yake yote ilitokana na mafuta ya kuagizwa. Kuanzia Novemba 25, 1973 serikali yake ilipiga marufuku magari binafsi kutembea siku za Jumapili.

Lakini magari yalikuwa sehemu tu ya tatizo. Mafuta mengi yalikuwa yanachomwa majumbani kupasha joto vyumba, na sehemu kubwa ya joto hilo ilikuwa inatoka nje. Dawa ilijulikana: tandika sufi ya kuzuia joto darini, weka madirisha ya vioo viwili, ziba nyufa. Sasa kama dawa ipo, na inapunguza gharama, mbona watu wengi hawakuitumia?

Hapa uchumi unatusaidia. Mwaka 1970 George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni rahisi: muuzaji anajua gari lake bovu au zima, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha, anatoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, anajiondoa, na soko linabaki na mabovu. Kazi hiyo ilimpa Akerlof tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Weka nyumba mahali pa gari. Aliyetumia fedha kuziba dari hawezi kuzirudisha kwenye bei, kwa sababu mnunuzi haoni tofauti. Kwenye upangaji hali ni mbaya zaidi: mwenye nyumba ndiye anayelipia ukarabati, lakini bili inalipwa na mpangaji. Mwenye nyumba hana sababu ya kuhangaika, na mpangaji hana ruhusa ya kubomoa ukuta.

Kwa hiyo ilihitajika namna ya kufanya kisichoonekana kionekane. Uingereza, watafiti wa Building Research Establishment walitengeneza hesabu ya kukadiria nishati inayotumika nyumbani, na kutokana nayo serikali ikatoa mwaka 1993 utaratibu uitwao SAP. Mkaguzi anapima ukubwa wa nyumba, anaangalia aina ya ukuta, dari, madirisha na mfumo wa kupasha joto, kisha hesabu inatoa alama. Alama 92 na kuendelea ni A. 39 hadi 54 ni E. Chini ya 21 ni G.

Angalia jambo moja hapa. Hesabu haiulizi wewe unaishije. Inachukulia familia ya kawaida, inayopasha nyumba joto kwa kiwango cha kawaida. Cheti kinapima nyumba, hakipimi waliomo. Ndiyo njia pekee ya kulinganisha nyumba mbili kwa haki, lakini maana yake pia ni kwamba bili yako inaweza kuwa tofauti na iliyoandikwa.

Denmark ililazimisha tathmini ya namna hii wakati wa kuuza nyumba kuanzia 1997. Desemba 2002 Umoja wa Ulaya ukatoa agizo kwa nchi zote wanachama: jengo likijengwa, likiuzwa au likipangishwa, cheti kiwepo. Uingereza ilianza Agosti 1, 2007 na nyumba za vyumba vinne vya kulala na zaidi, ikamalizia nyingine kabla mwaka haujaisha. Nyumba za kupangisha zilifuata Oktoba 1, 2008. Mwanzoni cheti kiliingizwa ndani ya furushi la nyaraka ambalo muuzaji alilazimika kulilipia, na wauzaji wengi walilichukia. Mei 2010 serikali mpya ikalisimamisha furushi lile, lakini cheti kikabaki.

Kilibaki, ila kikawa karatasi tu. Mpangaji alionyeshwa G, akaguna, akasaini mkataba, maana alihitaji pa kulala. Taarifa pekee haimsaidii mtu asiye na chaguo. Mambo yalibadilika pale sheria ilipoipa herufi meno: kuanzia Aprili 1, 2018 nyumba yenye F au G haikuruhusiwa kupangishwa kwa mkataba mpya, na kuanzia Aprili 1, 2020 hata mikataba iliyokuwepo ikaguswa. Faini inaweza kufika pauni 5,000. Upenyo bado upo: ikiwa ukarabati wa kufikia E unazidi pauni 3,500, mwenye nyumba anaweza kufanya unaowezekana ndani ya kiasi hicho kisha akaomba msamaha.

Cheti chenyewe kimekosolewa pia, na kwa haki. Kwa miaka mingi hesabu ilichukulia kwamba ukuta wa zamani wa tofali tupu unapitisha wati 2.1 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Watafiti walipoweka vipimo kwenye kuta halisi, nyingi zilipitisha kidogo kuliko hapo, na mwaka 2017 kadirio likashushwa hadi 1.7. Yaani kuna nyumba zilizopewa alama mbaya kuliko zilivyostahili. Halafu alama ya SAP ilijengwa juu ya gharama ya nishati. Kwa kuwa umeme huko ni ghali kuliko gesi, nyumba iliyoachana na gesi haikupata sifa zote ilizostahili.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam hadithi hii si ya mbali sana. Kwetu adui ni joto, si baridi, lakini mgawanyo ni uleule: mwenye nyumba anaamua kuezeka bati bila dari, na mpangaji ndiye anayenunua LUKU ya feni usiku kucha.

Na kama unajiandaa kwenda kusoma Uingereza, rejista ya vyeti hivi iko wazi mtandaoni, bure. Kabla hujalipa amana, andika anwani ya nyumba uone herufi yake, kisha soma ukurasa wa ndani: ukuta wa aina gani, dari ina sufi au haina, joto linatoka wapi. Ukikuta F au G, muulize dalali msamaha wao umesajiliwa wapi.