Panya Waliopewa Damu ya Mundu

Leo twasoma habari za selimundu, na jinsi wataalamu walivyofika hata kumtia panya kasoro ya damu ya binadamu.

Chembe nyekundu ya damu yenye afya ni ya mviringo, nayo hupita kwa wepesi katika mishipa myembamba. Kwa mgonjwa wa selimundu hupinda kama mundu wa kuvunia mpunga, ikakwama njiani. Ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, na damu humpungukia. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari zake mwaka 1910.

Lakini fumbo lenyewe lilifumbuliwa huku Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949, akaona kasoro hii ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, haba milimani kwenye baridi. Mbona basi jambo linaloua watoto halitoweki? Mwaka 1953 alipima watoto 290 karibu na Kampala. Katika 43 wenye kasoro waliyorithi kwa mzazi mmoja, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Katika 247 wasio nayo, 113. Kumbe nusu ya urithi ilikuwa kinga! Ninyi mkaao bondeni, ambako mto Ngerengere hushuka kutoka Uluguru, mnawajua mbu vya kutosha.

Kinga hiyo ina gharama. Baba na mama wakiwa nayo wote wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake ni uonevu mtupu.

Panya alikuja baadaye, na kwa shida. Kumwongezea jeni ya binadamu hakukutosha, kwa kuwa hemoglobini yake mwenyewe ilizuia chembe zisipinde. Mwaka 1997 makundi mawili ya Marekani, moja la California na moja la Alabama, yaliiondoa ya panya, ikabaki ya binadamu tu. Panya wale wakaugua kama watu: damu pungufu, bandama kubwa, viungo vya ndani kuharibika. Tangu hapo tiba nyingi hujaribiwa kwao kwanza.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha jeni. Bei yake Marekani yapita dola milioni 2. Kwetu hutumika zaidi dawa iitwayo haidroksiyurea. Mtoto mchanga akivimba vidole vya mikono na miguu, mpelekeni akapimwe damu.